Kilio cha Kapi

Kutaisi, ghorofa ya nne, mwisho wa Januari.
Lifti yetu hula sarafu: hulipi, hupandi.
Siku tuliyotoka hospitali Malkhaz alipekua mifuko yote,
akakuta kifungo, tiketi ya basi, risiti ya unga.
Tukapanda ngazi, yeye mbele na begi,
mimi nyuma na wewe, Tekla,
kilo tatu na robo,
mzigo mwepesi kuliko yote niliyowahi kubeba,
na kila kidato nikashika ukuta.

Furaha, kumbe, ina zamu zake.
Yangu huingia saa kumi alfajiri,
baba yako akiwa kazini, akibandika mikate kwenye kuta za tanuri,
nawe umeshiba, mdomo wazi,
tone la maziwa likitafuta njia
katika mikunjo ya shingo.
Nanusa hapo.
Panafanana na ganda la mkate... hapana.
Na sufu iliyolowa... hapana.
Nanusa tena.

Watu waliniambia habari za usingizi tu:
lala sasa, utautamani.
Hakuna aliyenitajia miayo,
kwamba kiumbe kisicho na jino hata moja
hupiga mwayo kama karani wa posta saa ya kufunga,
uso mzima ukakunjwa, ukatandazwa upya.
Wala kucha. Nilizikata kwa meno umelala,
pumzi nimeibana kama mwizi,
na ya kidole gumba nikaimeza.
Sijamwambia mtu.

Kamba yetu ya nguo huanzia roshanini,
huvuka ua hadi nguzo ya chuma,
huzunguka kapi lenye kutu, hurudi.
Navuta, nepi moja inaondoka.
Navuta, ya pili. Kapi linalia: kwiii.
Chini, Ushangi anainua kichwa kutoka kwenye domino:
"Lamzira! Mnachinja nguruwe huko juu?"

Ilikuwa Jumanne, unakaribia miezi mitatu,
nimekulaza kwenye kapu la nguo kando ya mlango,
jua limekukalia miguuni.
Navuta. Kwiii.
Nikasikia sauti nyuma yangu,
nikadhani umepaliwa.
Nikageuka.
Unacheka.
Si lile tabasamu ambalo Bi Tsiala husema ni gesi;
kicheko, chenye tumbo na mabega.
Kwiii. Ukacheka.
Nikaanika nepi zote, nikazianua mbichi, nikazianika tena.
Nikaanika taulo kavu.
Nikaanika soksi za baba yako, moja moja,
na mfuko wa mkate, mtupu.

Jumapili Malkhaz, mume mwema,
amechoka kusikia habari za nguruwe,
akapanda nguzo na chupa ya mafuta ya alizeti.
Jumatatu nikavuta. Kimya.
Ukaitazama kamba, ukanitazama mimi,
kama mtu aliyesimuliwa kichekesho
kikakatwa mwisho.
Nililia kidogo. Kidogo tu.

Alirudi na unga kwenye kope, nikamweleza.
Hakucheka. Aliketi kwenye kigoda, akavua kiatu kimoja,
akakivaa tena.
Kisha, kabla ya kulala, akapanda nguzo
na ndoo ya maji ya moto na sabuni.
"Juzi unapaka, leo unaosha?" Ushangi akauliza.
Malkhaz akamwambia sababu.
Mzee akanyamaza, akaweka domino moja kichwa chini,
wala haikuwa zamu yake.

Kesho yake alipanda ghorofa nne kwa miguu
na mtungi wa maji ya chumvi yaliyoloweka jibini.
"Hakuna kinacholeta kutu kama haya," akasema,
akakuchungulia kapuni,
akasahau kuniachia mtungi, akarudi tena kuuleta.

Sasa jengo zima linangoja kutu.
Bi Tsiala huuliza dirishani: bado?
Bado.
Nakuogesha, nakupaka, nahesabu vidole bila sababu,
kumi asubuhi, kumi jioni.

Leo nimeanika blanketi lako la njano.
Katikati ya ua, kwi,
fupi, kama panya aliyejizuia.
Umegeuza sikio.
Nimeshika kamba, sijaivuta bado.